Shauri la Haki kwa Walioachishwa Kazi

Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 37, limo fundisho ambalo wengi wetu hulipita bila kulitazama. Mwenye hekima huyo anasema juu ya washauri. Atuonya kwamba kila mshauri hulisifu shauri lake, lakini yuko anayeshauri kwa ajili ya faida yake mwenyewe. Kwa hiyo, kabla hujalipokea shauri la mtu, yakupasa ujue kwanza yeye ana haja gani. Tena atoa mifano ya kuchekesha kidogo, lakini ya kweli: usimwendee mfanyabiashara kutaka shauri juu ya bei, wala mnunuzi juu ya kuuza, wala mvivu juu ya kazi. Mafundisho hayo yalitolewa karne mbili hivi kabla ya kuzaliwa Bwana wetu Yesu Kristu, nayo yawafaa sana watu wa siku hizi, hasa wale waliopoteza kazi zao karibuni, na wale wanaowafuata ili kuwapa mashauri ya fedha.

Wasomaji wetu hawana haja ya kuambiwa kwamba watu wameachishwa kazi. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafikia mwisho wake. Wauguzi, wahasibu, madereva, makarani na watoa ushauri nasaha waliokuwa wakilipwa na miradi ile, hapa Tanzania na katika nchi jirani, walijikuta hawana kazi. Wengi wao hawakuwa na kosa lolote, wala hawakupata muda wa kujiandaa. Wala si wao tu. Kiwanda hufunga mashine zake, benki huunganishwa na nyingine, kampuni hununua mitambo inayofanya kazi ya watu kumi, na majina ya watu hubandikwa ubaoni. Mtu atoka nyumbani asubuhi akiwa mfanyakazi, naye arudi jioni akiwa na bahasha mkononi.

Haupiti muda mrefu, hodi hupigwa mlangoni. Mmoja anauza bima ya maisha. Mwingine anauza viwanja. Wa tatu anajua namna ya kununua hatifungani za serikali, na wa nne ana biashara ambayo, asema, huzaa mara mbili kwa miezi mitatu. Wengine kati yao ni watu wa haki, wenye elimu na leseni. Wengine ni matapeli. Na tusifichane: wamo pia Wakristu wetu, tunaoketi nao benchi moja kanisani siku ya Dominika. Basi swali tunalotaka kulijibu leo ni hili: Je, ni halali kwa Mkristu anayefanya kazi ya kutoa mashauri ya fedha kutafuta wateja wake miongoni mwa watu walioachishwa kazi juzi na jana?

Tunajibu wazi kwamba ni halali. Tena yaweza kuwa tendo la huruma. Asitokee mtu kuwahukumu wote wanaofanya kazi hiyo kana kwamba ni tai wanaozunguka juu ya mzoga. Mganga huenda walipo wagonjwa, na hakuna anayemlaumu. Mtu aliyezoea kupokea mshahara wake kila mwisho wa mwezi kwa miaka kumi na mitano hakufundishwa na mtu yeyote namna ya kushika fedha nyingi kwa mara moja, akijua kwamba mwezi ujao hakuna zitakazofuata. Huyo ahitaji mshauri kuliko tajiri. Tajiri akikosea hupoteza sehemu ya ziada yake, lakini huyu akikosea hupoteza unga wa watoto.

Lakini kuwa halali kwa kazi hakumfanyi kila aifanyaye kuwa mtu wa haki. Mganga anayeenda walipo wagonjwa asifiwa. Mganga anayeuza dawa isiyofaa kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa ni mwizi, na zaidi ya mwizi. Tofauti ya hao wawili haionekani kwa mavazi yao, wala kwa leseni iliyotundikwa ukutani, maana wote wawili waweza kuwa nayo. Yaonekana katika mambo machache ambayo tunataka kuyaeleza moja baada ya moja.

Tutazame kwanza kiasi cha fedha zenyewe, maana watu hudanganyika wakidhani kwamba aliyeachishwa kazi amepewa utajiri. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi aliyepunguzwa kazini bila kosa hustahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka mzima aliotumika, nayo miaka inayohesabiwa haizidi 10. Tuchukue mfano. Baba mmoja alilipwa shilingi 780,000 kwa mwezi, yaani 30,000 kwa kila siku ya kazi, naye alitumika miaka 8. Siku 7 mara miaka 8 ni siku 56. Kiinua mgongo chake cha kisheria ni shilingi 1,680,000, mbali na malipo ya notisi na ya likizo aliyoidai. Ikiwa nyumba yake hutumia 420,000 kwa mwezi, fedha hizo ni chakula, kodi na ada ya shule kwa miezi 4, wala hazizidi hapo. Hata angalitumika miaka 20, sheria ingalihesabu 10 tu.

Sasa aje mtu amshawishi baba huyo kuchukua bima ya akiba ya miaka 15, kwa malipo ya shilingi 100,000 kila mwezi. Bima si kitu kibaya. Ni kitu kizuri kwa mwenye mshahara. Lakini katika mwaka wa kwanza peke yake itakula 1,200,000 kati ya zile 1,680,000. Atafanya nini mwezi wa tano au wa sita? Ataacha kulipa. Na katika bima nyingi za aina hiyo, anayekatiza malipo katika miaka ya mwanzo hurudishiwa kidogo sana, au hapati kitu. Wakala, kwa upande wake, amekwisha kupokea kamisheni, na kwa kawaida iliyo kubwa ni ile ya mwaka wa kwanza. Hapo sheria yaweza kuwa haikuvunjwa. Mkataba ulisomwa, sahihi ikatiwa, risiti ikatolewa. Lakini mbele ya Mungu hesabu ya jambo hilo haijafungwa. Torati ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana kulichukua jiwe lile ni kuuchukua uhai wa mtu. Yeye anayechukua akiba ya miezi minne ya mtu asiye na kazi amelichukua jiwe lake la kusagia.

Basi tuwaambie wale wanaofanya kazi hii ni kwa alama gani watajijua wenyewe kwamba wamo katika haki.

Alama ya kwanza ni namna ya kuwapata hao watu. Twasikia kwamba wako wanaopewa na karani wa ofisini orodha ya majina ya watu watakaopunguzwa, pamoja na namba za simu na kiasi cha fedha watakazolipwa. Hiyo ni khiyana. Karani ameuza siri aliyokabidhiwa, na mshauri ameinunua. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo yamlinda mtu asichezewe hivyo. Lakini hata kama sheria hiyo isingalikuwapo, anayeanza urafiki kwa siri iliyoibwa hana haki ya kudai kuaminiwa. Ziko njia zilizo safi. Mwajiri aweza kuombwa, kabla ya siku ya mwisho, awaruhusu wafanyakazi wote wafundishwe pamoja namna ya kutumia malipo yao, chama cha wafanyakazi kikiwapo. Ukumbi wa parokia waweza kufunguliwa kwa mafundisho ya bure mbele ya watu wote. Na njia iliyo bora kuliko zote ni ya zamani: aliyehudumiwa vema amweleze jirani yake. Anayefanya kazi yake mwangani hana haja ya kununua majina gizani.

Alama ya pili ni subira. Kitabu cha Ayubu chasimulia kwamba rafiki zake watatu, walipoona msiba wake ulivyo mkubwa, waliketi pamoja naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno. Baadaye walisema mengi, na mengi yao Mungu aliyakataa. Lakini zile siku saba za kimya zilikuwa huduma ya kweli. Kupoteza kazi ni msiba. Mwanamume huona aibu mbele ya mke wake. Mama aliyelea watoto peke yake kwa mshahara wake halali usingizi. Katika siku hizo mtu hukubali lolote linaloahidi kuiondoa aibu upesi. Wahenga walisema: mfa maji haachi kutapatapa. Anayemtia mtu sahihi katika hali hiyo hakupata ridhaa yake. Amepata kutapatapa kwake. Basi mshauri Mkristu aweza kwenda mapema kumpa pole, lakini asipeleke karatasi ya kutia sahihi. Na siku ya kuipeleka ikifika, amwachie muda wa kuisoma, amwambie aionyeshe kwa mke wake au mume wake, na kwa mtu mwingine anayemwamini. Biashara inayoharibika kwa kusubiri wiki mbili haikuwa ya kumfaa mteja.

Alama ya tatu ndiyo ile ya Yoshua bin Sira: aidhihirishe haja yake. Aseme bila kuulizwa: mimi hulipwa hivi, ukinunua hiki napata kiasi hiki, ukinunua kile napata kidogo, usiponunua kitu sipati kitu. Wengi huogopa kusema hivyo, wakidhani watamkimbiza mteja. Lakini mtu anayeambiwa ukweli huo hupata nguvu ya kupima, na anayepima akakubali hatageuka kesho kulia kwamba alidanganywa.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, ambako kazi ya kushauri watu juu ya fedha imekuwa kubwa mno, wafanyakazi wengi huwekewa akiba ya uzee katika mfuko wa mwajiri unaoitwa 401(k). Mtu akiachishwa kazi, mara nyingi aweza kuiacha akiba yake humo humo, au kuihamishia kwa mwajiri mpya, au kuipeleka katika akaunti yake binafsi. Kuiacha huenda kukawa ndiyo njia ya gharama ndogo. Lakini mshauri anayelipwa kwa sehemu ya fedha anazozisimamia hapati senti ikiwa akiba imeachwa ilipo. Mwaka 2016 Wizara ya Kazi ya nchi ile ilitoa kanuni ya kuwabana washauri watangulize faida ya mteja katika mambo hayo ya akiba ya uzeeni. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ikaifuta kanuni hiyo. Twajifunza nini? Kwamba sheria huja na kuondoka, hupanda na kushuka pamoja na serikali na mahakama. Asiyefanya haki ila kwa kulazimishwa na kanuni, siku ya kufutwa kanuni atakuwaje? Dhamiri haikatiwi rufani. Nalo Kanisa limekwisha kusema. Mwaka 2018 Makao Makuu ya Kanisa huko Roma yalitoa waraka juu ya uchumi na fedha, yakionya kwamba anayejua zaidi asiugeuze ujinga wa asiyejua kuwa chemchemi ya faida yake.

Alama ya nne ndiyo inayozipita zote, nayo ni hii: mshauri wa kweli hutoa kwanza yale mashauri yasiyomletea faida. Na kwa mtu aliyeachishwa kazi, mashauri ya namna hiyo ni mengi, na ndiyo yenye thamani kubwa. Amwambie kwamba, akiona ameachishwa kwa dhuluma, ana siku 30 tu tangu kuachishwa kupeleka malalamiko yake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; siku hizo hupita upesi kwa mtu mwenye huzuni. Amwambie adai hati yake ya utumishi, na aihakikishe hesabu ya kiinua mgongo kabla ya kutia sahihi kwamba amepokea kila kitu. Amwambie aende katika mfuko wake wa hifadhi ya jamii kuuliza kama michango yake yote ilipelekwa, maana wapo waajiri wanaoikata mshahara wasiifikishe. Amweleze juu ya fao la kukosa ajira lililowekwa katika mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018: aliyechangia walau miezi 18, na ambaye hakujiuzulu mwenyewe, aweza, kwa masharti yaliyowekwa, kupata asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Amshauri alipe kwanza deni lenye riba kali, kabla ya kutafuta mahali pa kuwekeza. Maana hakuna hatifungani izaayo kama lizaavyo deni la mkopeshaji wa mtaani. Amshauri aende shuleni kwa watoto kuomba ada ilipwe kidogo kidogo. Na ikiwa baada ya hesabu yote hakuna fedha iliyobaki ya kuwekeza, aseme hivyo waziwazi, amwage kwaheri kwa amani, arudi baada ya miezi mitatu kumjulia hali.

Labda mtu atasema: "Nikifanya hivyo nitakula nini? Nami nina watoto." Swali hilo si la dharau, tena twalijua. Vijana wengi wanaouza bima na mashauri hawana mshahara wa kudumu. Huishi kwa kamisheni, na wengine wao wenyewe waliachishwa kazi mwaka jana. Lakini tuwaulize: ni nani atakayekumbukwa na yule baba siku atakapopata kazi nyingine, au duka lake dogo litakaposimama? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Aliyeambiwa ukweli alipokuwa hana kitu hatamwendea mwingine atakapokuwa na kitu, naye atawaambia wenzake wote waliotoka naye kiwandani. Twajua kwamba hayo huchukua muda, na tena si kila mara hutokea. Yuko atakayetenda haki akakosa. Huyo tunamwambia bila kuficha kwamba haki yaweza kumgharimu, na kwamba Bwana wetu hakuahidi vinginevyo. Ila alisema mtu hafaidiwi kitu akiupata ulimwengu wote na kuipoteza nafsi yake. Nasi twaongeza kwa unyenyekevu kwamba kamisheni ya mwaka mmoja ni ndogo sana kuliko ulimwengu wote.

Sasa tuseme nanyi, ndugu zetu mlioachishwa kazi. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, Bwana wetu asimulia habari za wakili aliyeambiwa na bwana wake kwamba hawezi tena kuwa wakili. Huyo naye aliachishwa kazi. Kulima hakuweza, kuomba aliona haya. Matendo yake ya udanganyifu hayakusifiwa, wala hatuwaambii myaige. Lililosifiwa ni busara yake, kwamba hakukaa akilia mpaka siku zikaisha. Aliketi, akahesabu, akawatafuta watu mapema. Nanyi fanyeni hivyo. Siku ya kwanza andikeni katika daftari: nina kiasi gani, nadaiwa nini, nyumba yala kiasi gani kwa mwezi, nina miezi mingapi. Hesabu hiyo msimfiche mwenzi wa ndoa. Nyumba nyingi hazikubomolewa na kupotea kwa kazi, bali na siri iliyofuata.

Halafu, ajapo mshauri, mkaribisheni kwa heshima, lakini mwulizeni. Kuuliza si ujinga. Una leseni ya nani? Kwa maana washauri wa uwekezaji husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na mawakala wa bima na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Anayestahili hatakasirika kuulizwa. Unalipwa na nani, na kiasi gani? Nikizihitaji fedha zangu baada ya miezi sita nitazipata, na kwa kukatwa kiasi gani? Wewe mwenyewe, kama ungekuwa huna kazi, ungefanya hili? Na akisema lazima muamue leo, mwambieni kwa upole kwamba leo jibu ni hapana.

Zaidi ya wote jihadharini na yule anayechanganya fedha na maneno ya sala. Hamjasahau DECI, ambayo serikali iliisimamisha mwaka 2009. Watu waliambiwa wapande mbegu ili wavune, na lugha hiyo ya kupanda na kuvuna, iliyo tamu masikioni mwa waamini, iliwafanya wengi watoe akiba zao bila kuuliza shamba liko wapi. Mbegu za namna hiyo huvunwa na wachache waliotangulia, kwa kula zile za waliochelewa. Mwenyezi Mungu aweza kutubariki katika umaskini na katika utajiri. Lakini hakumpa mtu yeyote wakala wa kuzidisha fedha maradufu kwa miezi mitatu.

Hatuwezi kumaliza bila kuzigusa parokia zetu na jumuiya ndogo ndogo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba ukosefu wa kazi ni uovu, na kwamba kuwasaidia wasio na kazi, ili waishi pamoja na jamaa zao, ni wajibu utokao katika haki ya mtu ya kuishi. Wajibu huo si wa serikali peke yake. Kwa nini aliyeachishwa kazi humwamini mgeni anayepiga hodi? Mara nyingi ni kwa sababu hakuna mwingine aliyepiga. Sisi tulimwona hakuja kwenye jumuiya, tukasema labda amesafiri. Mchango wa harusi tukamdai kama zamani. Yule mgeni, hata kama alikuja kwa ajili ya kamisheni, angalau alikuja.

Katika kila parokia ya mjini yupo mhasibu mstaafu, mwanasheria, mtumishi wa benki, mwalimu wa hesabu. Wasitoe zaka ya fedha tu, watoe na zaka ya elimu yao. Jioni moja kwa mwezi, katika ukumbi wa parokia, wakae watu wawili au watatu wa namna hiyo, wawasomee walioachishwa kazi barua zao na mikataba yao kabla ya kutiwa sahihi, bila malipo na bila kuuza kitu. Na washauri wenye leseni waje pia, waonekane mbele ya wote, waulizwe mbele ya wote. Aliye wa kweli atapata wateja hapo hapo, kwa heshima. Asiye wa kweli hatafika mara ya pili.

Bwana wetu alisimulia juu ya mwenye shamba aliyetoka hata saa ya kumi na moja, akawakuta watu wamesimama sokoni, hakuna aliyewaajiri. Hakuwapita. Aliwauliza kwa nini wamesimama, akawasikiliza jibu lao, ndipo akasema nao habari za kazi na malipo. Huo ndio utaratibu tunaowaomba wote wanaokwenda kwa walioachishwa kazi: kwanza kuuliza, kisha kusikiliza, mwisho kusema habari za fedha. Anayeugeuza utaratibu huo, akaanza na fedha, huenda akapata mteja. Lakini amempita ndugu yake njiani, na Injili yetu yasema wazi ni kina nani waliompita aliyejeruhiwa, na ni nani aliyesimama. Mwenyezi Mungu awape mashauri mema wenye kutafuta, na dhamiri safi wenye kushauri.